Nzi karakanani: Kopo la dawa lala faida, chanzo kiko bandani

SEREMALA anayefanyia kazi uani kwake huijua hasara ya nzi siku anapopaka vanishi. Kabati limepigwa msasa siku mbili, limepakwa mkono wa kwanza na wa pili, kisha likawekwa kivulini likauke. Nusu saa baadaye nzi saba wamenasa mlangoni, mabawa yamezama kwenye vanishi na miguu imechora mistari. Mteja anayekuja jioni na gari la kukodi haioni kazi ya siku mbili. Anawaona nzi.

Kinachofuata ni msasa upya, vanishi upya na thina upya, na fundi amepoteza siku ambayo angeanza kazi nyingine. Kwa karakana ndogo ambayo faida ya kabati moja ndiyo kodi ya mwezi au ada ya mtoto, hasara hiyo ni kubwa, ingawa haimo kwenye daftari la mafundi wengi.

Hali hiyo ipo pia kwenye gereji za mitaani, zile ambazo wakazi wa Dar es Salaam huziita gereji bubu. Huko nzi hutua kwenye sahani ya wali ya fundi, hutua kwenye chai ya mteja anayesubiri gari lake, na hutua kwenye bodi iliyotoka kupigwa rangi. Mteja hasemi kitu, lakini safari ijayo hupeleka gari kwingine.

Sababu kubwa ni kubanana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka 10, lakini ua wa nyumba umebaki ule ule. Matokeo yake ni kwamba kiwanja kimoja sasa kinabeba banda la kuku wa nyama, meza ya seremala, mashine ya kuchomelea, jiko la mama lishe na choo cha shimo, vyote ndani ya hatua 30.

Kila mmoja hapo anafanya biashara halali. Tatizo ni kwamba mapato ya biashara moja yanaingia mfukoni mwa mwenyewe, huku nzi wake wakilipiwa na jirani.

Jibu la wengi ni kopo la dawa. Fundi hupuliza asubuhi, nzi huanguka, kazi huendelea kwa saa moja au mbili, kisha nzi wengine huingia. Chukua mfano wa karakana inayotumia kopo moja la Sh8,000 kila wiki. Kwa mwaka ni Sh416,000, na mwisho wa mwaka nzi wako pale pale. Ni kodi isiyo na risiti.

Kopo hilo halisaidii kwa sababu linapigana na nzi anayeruka, wakati nzi anayeruka ni sehemu ndogo tu ya nzi wote waliopo. Wengi wako chini, kwenye mbolea na taka, na bado hawajaota mabawa.

Hesabu ya mayai

Nzi wa kawaida wa nyumbani hutaga mayai kwa mafungu. Fungu moja huwa na mayai kati ya 75 na 150, na jike mmoja huweza kutaga mafungu matano au sita maishani mwake. Mayai hayo huanguliwa ndani ya siku moja. Funza hula na kunenepa kwa siku chache, kisha huhama kutafuta mahali pakavu, akajifunga ndani ya kigamba kigumu cha rangi ya kahawia, na hutoka humo akiwa nzi kamili. Kwenye joto la pwani safari yote hiyo huchukua siku saba mpaka 10.

Fundi anayeua nzi jike mmoja leo kwa kweli amefanya kazi. Lakini kama jike huyo alishataga mayai 100 juzi, na nusu yakafika ukubwani, basi wiki ijayo kuna nzi 50. Nusu yao wakiwa majike, nao wakataga mayai 100 kila mmoja, hapo kuna mayai 2,500, na mwezi haujaisha.

Safari ya funza kutafuta ukavu ndiyo inayowachanganya wenye karakana wengi. Funza hukulia kwenye unyevu wa banda la kuku au shimo la taka, lakini hutambaa hadi kwenye vumbi kavu chini ya matairi makuukuu, magunia, mbao zilizopangwa chini na kingo za sakafu iliyopasuka. Mahali pa namna hiyo pamejaa gereji. Kwa hiyo nzi anaweza kuzaliwa kwa jirani, akaota mabawa chini ya benchi la fundi, na fundi akaamini kwamba karakana yake ndiyo chafu. Anaosha sakafu kwa sabuni kila siku na hapati nafuu.

Wapo wanaosema nzi huletwa na msimu, na wana ukweli wao. Mvua za masika hulowesha mbolea na taka, na msimu wa maembe huacha kokwa na maganda kila kona. Lakini mvua au embe huongeza tu chakula cha funza. Pasipokuwa na taka yenye unyevu, msimu hauna cha kuongeza.

Dawa iliyozoeleka

Tatizo la pili la kopo ni la kihistoria. Uwezo wa DDT wa kuua wadudu uligunduliwa na Mswisi Paul Müller mwaka 1939, na ugunduzi huo ukampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Lakini tangu mwaka 1946 nchini Sweden kulikuwa tayari na nzi wa nyumbani ambao DDT haikuwaua. Mgunduzi alipanda jukwaani kupokea tuzo wakati nzi wameshapata njia ya kukwepa.

Sumu nyingi za kopo zinazouzwa madukani leo ni za kundi jingine, lililotengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu iliyomo katika ua la pareto, zao ambalo wakulima wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na wa Bonde la Ufa nchini Kenya wanalifahamu vizuri. Sumu hizo humwangusha mdudu haraka. Hata hivyo, hugusa mishipa ya fahamu mahali pale pale ambapo DDT iligusa, na ndiyo maana aina fulani ya usugu dhidi ya DDT huwakinga nzi dhidi ya sumu hizi pia.

Mafundi wameshaona dalili zake bila kuambiwa na mtaalamu. Nzi anapulizwa, anaanguka, anazunguka kwa mgongo sakafuni, na baada ya muda anaamka na kuruka. Hapo fundi hulaumu duka kwamba limeuza kopo bandia, kisha hununua lenye rangi nyingine.

Kubadili rangi ya kopo si kubadili dawa. Lebo nyingi zina viambato vya sipamethrini, pamethrini au deltamethrini, ambavyo kwa maandishi ya kiwandani huishia na herufi "thrin". Makopo matatu ya majina tofauti yenye viambato vya familia hiyo ni dawa moja kwa nzi, hata kama bei ni tofauti.

Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakachanganya viuatilifu vya shambani na sukari au maziwa na kuviweka kwenye kisahani. Hilo ni jambo la hatari. Kisahani kinakaa chini, na chini ndiko waliko watoto, kuku na wanafunzi wa ufundi wanaokula chakula cha mchana kwa mikono. Kiuatilifu kilichosajiliwa kwa ajili ya nyanya au pamba hakikupimwa kwa matumizi ya ndani ya karakana. Usajili wa viuatilifu nchini sasa uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina lebo inayoeleza kinatumika wapi.

Ipo pia desturi ya gereji ya kumwaga oili chafu kwenye shimo la choo au juu ya mbolea ili kuua funza. Huenda wakafa wachache, lakini oili hiyo ina mabaki ya madini ya injini, hushuka ardhini kuelekea kisima, na mbolea iliyomwagiwa haiwezi tena kuuzwa kwa mtu yeyote mwenye bustani. Fundi ameharibu mali ya jirani ili kuua wadudu wa wiki moja.

Cheche na kopo

Kwenye karakana kuna hatari nyingine ambayo jikoni haipo kwa kiasi hicho. Makopo mengi ya kupuliza husukumwa na gesi inayowaka. Kupuliza kopo hilo wakati grenda inatoa cheche, au hatua chache kutoka kwenye mashine ya kuchomelea, ni kucheza na moto. Mvuke wa thina na petroli hauhitaji msaada mwingine.

Onyo hilo linahusu pia zile taa za umeme zenye mwanga wa zambarau zinazochoma nzi. Kila nzi anapogusa waya kuna cheche ndogo. Kwenye chumba kilichojaa mvuke wa petroli au wa rangi ya kupuliza, cheche hiyo ni kubwa vya kutosha. Mbali na moto, nzi aliyepigwa na umeme hupasuka, na vipande vyake vyenye vijidudu hurushwa pembeni, hivyo taa hiyo haifai kuwekwa juu ya meza ya mama lishe. Isitoshe, mchana kweupe, mlango wa gereji ukiwa wazi, mwanga wa jua unaishinda taa na nzi hawaioni kama kivutio.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, mwenye karakana anapaswa kuwaangalia nzi wenyewe, kwa sababu aina ya nzi hueleza chanzo. Nzi wa kijivu wa kawaida wanatokana na mbolea ya wanyama, kinyesi au mabaki ya chakula. Wakiwa wakubwa, wa kijani au bluu inayong'aa, kuna nyama au samaki anayeoza mahali, na gereji nyingi hukuta panya aliyekufa nyuma ya vipuri au utumbo wa samaki uliotupwa nje ya ukuta. Panya huyo akiondolewa, hakuna haja ya dawa. Nzi wanaouma miguuni kwa sindano kali, hasa panapofugwa ng'ombe, ni wa nyasi zilizolowa mkojo na kuoza zizini. Wale wadogo wenye manyoya kama nondo, wanaokaa ukutani karibu na bomba, wanatoka kwenye mfereji wa maji machafu.

Kwa karakana nyingi za mijini mshitakiwa ni yule wa kwanza, na chanzo chake cha karibu ni banda la kuku.

Maranda kwa mbolea

Mfugaji wa kuku wa nyama ana jibu lake la kawaida: atasafisha banda kundi likiuzwa. Kundi huuzwa baada ya wiki tano au sita. Nzi huhitaji siku 10. Kabla kundi halijafika sokoni, vizazi vitatu vya nzi vinaweza kuwa vimeshatoka bandani.

Hata hivyo, si haki kusema kila banda la kuku ni kiwanda cha nzi. Mbolea mbichi ya kuku karibu robo tatu yake ni maji, lakini ikianguka kwenye maranda makavu yaliyotandikwa vizuri hukauka haraka, na funza hawezi kukulia kwenye vumbi. Nzi huzaliwa pale palipolowa, yaani chini ya chombo cha maji kinachovuja, kwenye kona ambayo bati limetoboka, na chini ya mlango mvua inapopiga. Mara nyingi eneo lenyewe halizidi upana wa beseni mbili tatu. Mfugaji anayeinua vyombo vya maji vifike usawa wa mgongo wa kuku na kuziba bati amemaliza sehemu kubwa ya kesi na jirani yake.

Kipimo chake hakihitaji chombo. Mfugaji huchukua maranda ya sakafuni kwa kiganja na kuyaminya. Yakifunguka na kumwagika, banda liko sawa. Yakibaki donge, eneo hilo linatakiwa kukwanguliwa na kuwekwa maranda mapya, angalau mara mbili kwa wiki ili funza asipate muda wa kukomaa. Majivu au chokaa kidogo husaidia kunyonya unyevu uliobaki.

Hapa ndipo ugomvi wa ua unapoweza kugeuka biashara. Mfugaji anahitaji maranda makavu kila wiki, na seremala aliye upande wa pili wa ukuta ana maranda ambayo mara nyingi anayachoma au kulipia yazolewe. Mfugaji kwa upande wake anabaki na mbolea ambayo wakulima wa mchicha, matembele na nyanya wanaitafuta. Seremala akitoa magunia ya maranda kwa makubaliano kwamba sehemu zilizolowa zitaondolewa Jumatatu na Alhamisi, amenunua ukimya wa nzi kwa kitu ambacho alikuwa anakitupa.

Makubaliano hayo yana masharti ya kiufundi. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, hayafai kwa kuku wala kwa bustani. Yanayotokana na mbao za zamani zenye rangi hayafai pia, na yaliyo na misumari hukata utumbo wa kuku. Unga laini wa msumeno ukizidi huwakohoza vifaranga. Kinachofaa ni maranda ya randa, makavu, ya mbao isiyo na dawa.

Mbolea iliyotolewa nayo isirundikwe ukutani mwa karakana, la sivyo nzi wamehamishwa tu. Inarundikwa pamoja, inafunikwa kwa nailoni nyeusi na kingo zinazikwa kwa udongo. Ndani ya rundo joto hupanda kupita nyuzi 50 za Sentigredi, na mayai na funza hufa. Walio pembeni ambako kuna ubaridi huweza kupona, ndiyo maana rundo hugeuzwa ili la nje liingie ndani. Mkulima naye hunufaika, kwa kuwa mbolea ya kuku iliyopita kwenye joto hilo haiunguzi miche kama ile mbichi.

Wapo wafugaji ambao wameanza kufuga funza wa nzi wengine kabisa, wale wakubwa weusi wembamba wanaofanana na nyigu, kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki. Jirani akisikia neno funza hushituka, lakini nzi hao wakishakomaa hawana haja ya chakula cha binadamu na hawahangaiki na sahani. Zaidi ya hapo, utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba funza wao wakijaa kwenye mbolea, nzi wa nyumbani hupungua sana mahali hapo. Ni kazi inayotaka uangalizi, na mfugaji asiyeweza kuziba chombo cha maji kinachovuja hataiweza hii.

Karakana yenyewe

Baada ya chanzo kudhibitiwa, yapo mambo ya kufanya ndani. Mtego wa chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyokatwa shingo na kugeuzwa kama faneli, ukiwekwa maji yenye sukari, hamira au vichwa vya dagaa, hukamata nzi wengi. Kosa linalofanywa na wengi ni kuuweka ndani. Harufu yake huwaita nzi waliokuwa nje, hivyo mahali pake ni juani, karibu na chanzo na mbali na meza ya kazi.

Mitego inaweza kuleta faida ya afya ikitumiwa kwa wingi na kwa mpango. Utafiti uliofanywa kwenye kambi za jeshi nchini Israel na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba nzi walipopunguzwa kwa asilimia 64, askari waliokwenda zahanati kwa ajili ya kuhara walipungua kwa asilimia 42. Kwa gereji yenye vijana wanane wanaokula pamoja, siku za kuugua ni siku za kazi.

Matokeo ya kupuliza dawa peke yake si ya kutegemewa namna hiyo. Wilayani Kongwa mkoani Dodoma, watafiti walipima kama kupuliza dawa ya nzi kwa nguvu kungeongeza chochote katika vita dhidi ya ugonjwa wa trakoma baada ya wananchi kupewa dawa ya tiba, na majibu yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuonyesha faida ya ziada. Nchini Gambia, kwa upande mwingine, majaribio ya aina hiyo yaliyochapishwa mwaka 1999 na 2004 yalionyesha kwamba kupunguza nzi kulipunguza trakoma. Mazingira yalitofautiana, na mwenye karakana anayetaka uhakika kutoka kwenye kopo hawezi kuupata hapo.

Karatasi za gundi zinafaa jikoni na dukani. Kwenye useremala hazina maisha, kwani vumbi la msasa huzifunika kwa siku moja na nzi hutua juu yake kama kwenye benchi. Ile mifuko ya nailoni iliyojazwa maji, ambayo baadhi ya mabucha na vibanda vya chakula huining'iniza mlangoni, haijathibitika kufukuza nzi, na tangu Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa umepigwa marufuku Tanzania.

Feni husaidia sana pale wanapolia watu chakula, maana nzi hapendi kupambana na upepo. Lakini feni hiyo hiyo ikielekezwa kwenye vanishi mbichi itapandisha vumbi, na fundi atakuwa ameondoa nzi saba na kuweka chembe elfu.

Kwa kazi ya vanishi, kinachofaa zaidi ni chumba cha neti. Fremu ya mabaki ya mbao, neti ya mbu pande zote, mlango unaojifunga wenyewe kwa mpira wa tairi la ndani, na bati juu. Hewa inapita, mvuke unatoka, nzi wanabaki nje. Baadhi ya mafundi hupendelea kupaka alfajiri kabla nzi hawajachangamka, na kwa mikoa ya ndani yenye ukavu wanafanikiwa. Pwani hewa ya alfajiri ina unyevu mwingi, na vanishi zinazokauka haraka huweza kupata utando mweupe. Fundi wa Tanga au Dar es Salaam ana sababu zaidi ya kujenga chumba hicho kuliko mwenzake wa Dodoma.

Kama dawa inahitajika hata hivyo, mahali pa kuipaka ni pale nzi wanapolala. Usiku hukaa juu, kwenye kenchi, waya za taa na kamba zilizoning'inia, na madoa yao meusi huonyesha mahali hapo. Kupaka dawa iliyosajiliwa kwenye sehemu hizo tu, jioni kazi ikiwa imefungwa na mashine zimezimwa, hutumia dawa kidogo kuliko kupuliza hewani kila asubuhi.

Ugomvi ukishindikana kwenye ua, njia iliyobaki ni serikali ya mtaa na bwana afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa wa afya nguvu ya kushughulikia kero za uchafu, na halmashauri zina sheria ndogo zake. Lakini bwana afya akifika hatatazama banda peke yake. Ataangalia pia choo cha gereji, pipa la taka lisilo na mfuniko na oili iliyomwagika mtaroni. Mafundi wengi waliokwenda kushitaki wana pipa la namna hiyo.

Kwa anayetaka kujua kama juhudi zake zinaleta kitu, wafugaji wa kuku Marekani wana kipimo rahisi cha kadi. Kipande cheupe cha karatasi ngumu, upana wa inchi tatu na urefu wa inchi tano, hubandikwa kwenye kenchi mahali nzi wanapotua, na baada ya wiki madoa meusi huhesabiwa. Yakizidi 100 kwa kadi moja, nzi wamezidi. Kadi hiyo haitapungua madoa wiki ya kwanza ya usafi, na fundi au mfugaji asikate tamaa akadhani amedanganywa, kwa sababu nzi waliokuwa wamejifunga chini ya matairi na magunia wataendelea kutoka kwa siku kadhaa. Tofauti huanza kuonekana kwenye kadi ya tatu.